Tia Maji, na Wembe Uwe Wako

Lugha yetu imeuheshimu wembe kuliko vyombo vingi vya nyumbani. Twasema mwana akililia wembe, mpe. Twasema kinyozi hajinyoi. Na tukimwona jirani amefikwa na jambo, twaambiana mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Methali hizi tatu hutajwa barazani kila uchao, lakini aghalabu anayezitaja huwa anazungumza mambo mengine kabisa: malezi ya watoto, haja ya mtu kusaidiwa na wenzake, na misukosuko ya dunia. Leo nawaomba wasomaji tuuzungumze wembe wenyewe, maana nyumba nyingi za Waislamu hapa pwani zina jambo la kujirekebisha juu yake, na wanaoweza kutupa somo ni watu ambao kwa miaka mingi tulidhani hawana la kutufundisha katika mambo ya tahara. Nao ni ndugu zetu wa Homa Bay na Migori, kandokando ya ziwa.

Chombo ninachokikusudia ni mashine ya kunyolea ya mkono, ile inayotiwa wembe wa makali mawili. Wazee wetu waliijua vizuri. Ina mkono wa chuma, kitako na kifuniko. Wembe mwembamba hulazwa katikati, kifuniko kikakazwa, na makali yakachomoza kidogo tu upande huu na upande huu, kiasi cha kukata unywele bila ya kuichimba ngozi. Miaka ya karibuni imesahauliwa. Vijana hununua zile za plastiki za kutumia na kutupa, na vinyozi wengi wana mashine za umeme. Lakini katika safari yangu ya kandi ile niliikuta ikiuzwa madukani Homa Bay mjini, na pia Migori, kwenye barabara kuu iendayo Isebania mpakani na Tanzania. Nikanunua moja. Bei yake haikufika bei ya sahani ya ugali na samaki, na pakiti ya nyembe tano ilikuwa kama bei ya chai na mandazi.

Nimeitumia kwa wiki nne, na naweza kusema habari zake bila ya kutia chumvi. Siku ya kwanza na ya pili mkono ulikuwa mzito, kwa kuwa nilizoea ile ya plastiki inayotaka kukandamizwa. Hii haitaki nguvu. Uzito wake wenyewe watosha. Ukiishika kwa kuilaza kidogo na kuipeleka kwa mwendo mfupi mfupi, hunyoa safi. Ukiikandamiza, hukukata bila ya huruma. Kufikia wiki ya pili vile vipele vya shingoni, ambavyo wengi wetu tumevizoea tukidhani ni maumbile, vilikuwa vimepungua. Sababu yake yafahamika. Mashine zenye nyembe tatu au tano zilizopangwa pamoja huuvuta unywele na kuukata chini ya uso wa ngozi. Nywele zetu za kipilipili zikiota tena hujikunja na kuingia ndani ya ngozi, pakazuka uvimbe na muwasho. Wembe mmoja huukata unywele usawa wa ngozi na kuuacha hapo.

Kwa nini chombo hiki kikawa rahisi namna hii? Aliyekibuni ni Mmarekani, King Camp Gillette, akisaidiwa na fundi William Nickerson, ambaye alipata njia ya kuutia ukali ubati mwembamba wa chuma. Kampuni yao ilianzishwa mwaka 1901. Mwaka 1903, walipoanza kuuza, waliuza mashine 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata waliuza mashine zaidi ya 90,000. Hakimiliki ya uvumbuzi ule ilitolewa mwaka 1904, na ilipokwisha mwaka 1921 kila mwenye kiwanda akawa na ruhusa ya kutengeneza. Ndiyo maana leo wembe uliotengenezwa India, Misri au Urusi huingia katika mashine yoyote ile, na hakuna mfanyabiashara mmoja awezaye kuupandisha bei kwa kuwa ni yeye tu aliye nao. Mashine za kisasa sivyo zilivyo: kila kampuni ina kichwa chake, na ukishanunua mkono huna budi kununua kichwa kwa bei atakayo mwenyewe.

Hebu tupige hesabu. Mtu anayenyoa mara mbili kwa wiki, na kila wembe akautumia mara tano, atahitaji nyembe 21 kwa mwaka. Hizo ni pakiti nne na wembe mmoja juu. Mashine yenyewe ikikaushwa na kutunzwa hudumu miaka mingi. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba umaskini ndio unaomlazimisha kutumia wembe wa mwenzake.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Nikienda huku na huku katika kaunti zile mbili, niliona jambo lililonifanya nifikiri. Kwa kinyozi mmoja Homa Bay, wateja walifika na wembe mpya ndani ya karatasi yake, mfukoni mwa shati. Kinyozi aliupokea, akaufungua mbele ya macho ya mwenyewe, akauvunja katikati, nusu akaitia katika kishikio chake na kuanza kuchonga ukingo wa nywele. Alipomaliza, wembe ukaenda katika mkebe. Hakuna aliyeona ajabu, wala hakuna aliyedhani kwamba kinyozi ametukanwa. Ni adabu yao, kama sisi tunavyovua viatu mlangoni.

Adabu hiyo haikuja bure. Wajaluo hawakuwa na desturi ya kutahiri. Alama yao ya zamani ya utu uzima ilikuwa ni kung'oa meno sita ya chini. Lakini wembe ulikuwa na kazi nyingine kwao: mtu akifa, jamaa zake hunyolewa nywele baada ya maziko, na desturi hiyo huitwa liedo. Ukoo mzima, watoto kwa wazee, huweza kunyolewa siku moja. Wakuria, wakaao upande wa Kehancha na Isebania katika kaunti ya Migori, wao hutahiri tangu zamani, kwa sherehe kubwa, na vijana wa rika moja wakitahiriwa pamoja. Katika mambo yote mawili chuma kimoja kiliweza kupita katika damu ya watu wengi, na kwa karne nyingi hakuna aliyejua hatari yake.

Kisha ukaja UKIMWI. Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wa Homa Bay wa umri wa miaka 15 hadi 64, karibu 20 walikuwa na virusi vyake, na Migori walikuwa 13, ilhali wastani wa Kenya nzima haukufika watu 5. Nisifahamike vibaya. Njia kuu ya ugonjwa ule ni kujamiiana, na anayedhani kwamba akinunua wembe wake amekwisha kujikinga na UKIMWI ajidanganya nafsi yake. Lakini damu ni njia vilevile, na yako maradhi mengine yanayoipenda njia hiyo zaidi. Homa ya ini ya aina ya B ni mojawapo: virusi vyake huweza kukaa hai nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi, katika tone la damu lililokauka ambalo hata jicho halilioni. Wembe uliotumika Ijumaa iliyopita huweza kumdhuru atakayeutumia Ijumaa hii.

Watu wa ziwani walizika sana. Katika kuzika huko wakajifunza. Mwaka 2002 ulianza Kisumu utafiti wa tohara uliowahusu vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24. Desemba 2006 ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa jibu lilikuwa wazi: waliotahiriwa waliopata virusi walikuwa kama nusu tu ya wale wasiotahiriwa. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tohara ya wanaume katika nchi zenye maambukizo mengi, na mwaka 2008 Kenya ikaanza kampeni yake, khasa katika Nyanza. Wanaume kwa malaki wakaenda kliniki kwa hiari zao, wengine wakiwa watu wazima wenye wake na watoto. Tafadhali msomaji afahamu kwamba nasema habari ya wanaume. Kuwakeketa wasichana ni jambo jingine, lenye madhara matupu, na sheria ya mwaka 2011 imelikataza kila mahali katika Kenya, Kuria ikiwemo.

Habari hizo zilipotufikia sisi wa pwani tulifanya nini? Tulijivuna. Tulisema barazani kwamba dini yetu ilikwisha kusema haya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kwamba wenzetu ndio kwanza wanaamka. Kusema hivyo si uongo. Lakini tulisahau kwamba wenzetu walipokuja katika tohara walikuja na jambo la pili juu yake: kila mtu na kifaa chake safi. Sisi tulikuwa na la kwanza kwa karne nyingi, na hili la pili tumelilegeza. Tena tulisahau kwamba ziwani pia tuna ndugu wa dini. Kendu Bay, katika kaunti hiyohiyo ya Homa Bay, ina Waislamu wa asili ya Kijaluo na msikiti mkongwe uitwao Tawakal, na babu yake Barack Obama, Hussein Onyango, alikuwa Mwislamu mwenye asili ya upande huo. Kwa hivyo wao na sisi hatukutengana kama tunavyodhani.

Natuitazame dini yetu yasemaje. Katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, ambayo Bukhari na Muslim wote wawili wameitia katika vitabu vyao, Mtume (S.A.W.) ametaja mambo matano ya maumbile safi ya mwanadamu: kutahiri, kunyoa nywele za siri, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyonyoa kwapa. Waliosoma chuoni wajua kwamba neno la Kiarabu lililotumika kwa hilo la pili ni istihdad, nalo latokana na hadid, yaani chuma. Wembe basi umo ndani ya neno lenyewe. Na katika hadithi ya Anas bin Malik, iliyomo katika Muslim, umewekwa mpaka wa siku 40, zisipite bila ya mambo haya kufanywa. Maana yake ni kwamba kila Mwislamu aliyebaleghe, mume kwa mke, ahitaji wembe katika maisha yake yote. Juu ya hayo kuna kichwa cha mtoto mchanga kinachonyolewa siku ya saba, na kuna mahujaji wanaonyoa vichwa wakimaliza ibada yao.

Lakini chuma hicho kilichotajwa kwa ajili ya tahara huwa vipi kikishapita katika ngozi ya mtu mwingine? Damu ni najisi. Hilo mtoto wa chuoni alijua kabla ya kumaliza juzuu ya kwanza. Wembe wenye damu ya mwenzako ni wembe wenye najisi, na kuupangusa kwa kitambaa, au kuuchovya mara moja katika maji ya kikombe ambayo wamechovya wengine kumi, hakuufanyi tohara. Isitoshe, Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kudhuru na kudhuriana. Sasa mtu hutia udhu kwa uangalifu, akahesabu mara tatu tatu, kisha akamwinamia kinyozi ampitishie shingoni chuma asichojua kimetoka wapi. Hii ni tahara ya namna gani?

Natuseme kweli juu ya majumba yetu. Katika nyumba ngapi kuna wembe mmoja uliochomekwa dirishani mwa choo au nyuma ya kioo, ukitumiwa na mume, mke, kaka na shangazi, na kila mmoja akiurudisha palepale bila ya kusema neno? Haya ya kutaja sehemu za siri ndiyo inayotufunga midomo, na khasa wanawake hawana wa kumwambia. Mume hununua mashine yake akaiweka katika kabati, na bibi nyumbani hutumia wembe uliobaki. Huo ni udhalimu mdogo, lakini ni udhalimu.

Tukitoka nyumbani, tuna wapigaji chuku. Hijama ni jambo lenye asili katika dini, na siku hizi imerudi kwa nguvu Mombasa na kwingineko. Anayeifanya kwa wembe mpya kwa kila mtu na vikombe safi, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini anayetumia wembe mmoja kwa watu watano, kisha akasema ni Sunna, ameizulia Sunna jambo lisilokuwamo. Tuna waganga wa chale. Tuna ngariba ambaye bado huitwa katika nyumba nyingine kwa kuwa alimtahiri baba na babu. Na tuna balaa la vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu walioingia katika unga, ambao sindano moja hupita mikono mitatu. Malindi ilibidi pafunguliwe huduma ya dawa ya methadoni mwaka 2015 ili kuwaokoa. Ukiyatazama haya yote pamoja utaona kwamba ni kosa moja tu linajirudia: chuma kimoja, damu nyingi.

Hata Makka jambo hili limeangaliwa. Serikali ya Saudi Arabia huwahimiza mahujaji wanyolewe na vinyozi wenye leseni, na wembe uliokwisha kutumika usirudiwe kwa mtu mwingine. Ikiwa tahadhari hiyo imefaa kwa mahujaji wa Nyumba tukufu, yafaa pia kwa Mwembe Tayari na Majengo.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema kwamba namharibia kinyozi riziki yake, na kwamba methali yenyewe yasema kinyozi hajinyoi. Simharibii. Kichwa mtu hawezi kujikata vizuri peke yake, na kuchongwa ukingo wa nywele ni kazi ya fundi. Ninachosema ni kwamba mteja aende na wembe wake, au kinyozi aufungue mpya mbele yake na kuutia katika bei. Vinyozi wa Homa Bay hawakufa njaa. Wa pili atauliza kama nawaambia Waislamu wanyoe ndevu. La. Hukumu ya ndevu ina maulamaa wake, na mashine hii ina kazi nyingi zisizogusa ndevu. Wa tatu atasema kwamba wembe mtupu nyumbani ni hatari kwa watoto. Huyu ana haki, na jibu lake ni mkebe. Chukua mkebe mtupu wa maziwa ya unga, toboa kijipenyo kwenye kifuniko, na kila wembe uliokwisha uingie humo, wala usitupwe jaani wanakochezea watoto na kuokoteza maskini. Mkebe ukijaa, ufungwe kwa waya na kuzikwa ndani sana. Mwana akililia wembe, methali ndiyo inayosema apewe. Mzazi mwenye akili huuficha.

Kwa atakayeanza, haya ndiyo niliyoyaona kuwa yafaa. Anza kwa maji ya vuguvugu, nywele zilainike dakika mbili tatu. Paka povu la sabuni. Nyoa kufuata mwelekeo wa nywele kwanza, mkono mwepesi, na suuza mashine kila mara. Ukimaliza osha kwa maji baridi, fungua mashine, ikaushe. Wembe ukianza kuvuta, utoe, usiuonee huruma. Na anayekwenda Hijja au Umra aichukue mashine yake mwenyewe, ila nyembe azitie katika sanduku la mizigo, maana ndani ya ndege hazikubaliwi mkononi.

Kwa walimu wa chuo na makhatibu nina ombi. Mlango wa tahara husomeshwa kila mwaka, na watoto huhifadhi aina za maji na aina za najisi. Mwalimu akifika penye mambo matano ya maumbile, aongeze sentensi moja: kila mtu na wembe wake. Na katika nyumba yenye akika, anayepeleka zawadi kwa mzazi atie ndani yake pakiti ya nyembe mpya, ili kichwa cha yule mtoto kiguswe na chuma ambacho hakijapata kumgusa mwanadamu mwingine. Ni zawadi ya shilingi chache, na huenda ikawa ndiyo bora kuliko zote.

Wenzetu wa ziwani wamekwisha kunyolewa, na walinyolewa kwa uchungu. Walichojifunza hawakukificha. Kipo wazi kwa kinyozi yeyote wa Homa Bay na katika duka lolote la Migori. Methali yatuambia tutie maji. Nami naongeza kwamba tukishatia maji, kila mmoja wetu ashike wembe ulio wake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.